Somo la Muhula: Kuomba Fedha za Mradi wa Teknolojia, na Swali la Kuuliza Kabla ya Kujaza Fomu



Kila tangazo la ufadhili linapobandikwa kwenye mbao za vyuo vyetu hapa Rubavu, wanafunzi wa Kiislamu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hulipita tangazo bila kulisoma, kwa hofu kwamba pesa yoyote iliyopitia benki ina harufu ya riba. Kundi la pili hulijaza usiku uleule, likatuma, na kuuliza hukumu yake baada ya kusaini. Makundi yote mawili hayakusoma. La kwanza hukosa ruzuku ambayo haina tatizo lolote, na la pili hujikuta lina deni ambalo halikujua kuwa ni deni.

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya makundi yote mawili. Nitazungumzia zaidi fedha zinazopitia vyuo na vitivo vya biashara, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tunakosoma. Gisenyi kuna kampasi ya ULK, kuna UTB inayofundisha utalii, teknolojia na biashara, na wapo ndugu zetu waliotoka hapa kwenda Chuo cha Biashara na Uchumi cha Chuo Kikuu cha Rwanda kule Gikondo, Kigali. Chuo kile kilikuwa kikiitwa SFB kabla ya vyuo vya serikali kuunganishwa kuwa chuo kikuu kimoja mwaka 2013. Mtu akiuliza chuo cha biashara kina uhusiano gani na teknolojia, amwangalie jirani: Kituo cha Afrika cha Umahiri katika Sayansi ya Data, kimoja kati ya vituo vinne ambavyo Rwanda ilivipata chini ya mpango wa Benki ya Dunia ulioanza mwaka 2016, kiliwekwa ndani ya chuo hicho cha biashara, hakikuwekwa kwa wahandisi.

Hilo lina maana kwako unayeomba. Jopo la wahandisi litakuuliza kama chombo chako kinafanya kazi. Jopo la kitivo cha biashara litakuuliza nani atalipa, atalipa kiasi gani, na kwa nini aendelee kulipa mwezi wa saba. Ukiwapelekea kurasa nane za kueleza programu ilivyoandikwa na nusu ukurasa wa kueleza mteja, umeandika barua kwa mtu mwingine.

Fedha hizi ni za aina gani?

Swali hili ndilo la kwanza, na jibu lake halimo kwenye kichwa cha tangazo. Neno "ufadhili" linabeba mambo manne yasiyofanana: ruzuku, zawadi, mkopo na mtaji wa hisa. Hukumu zake ni tofauti, na hata uandishi wa ombi ni tofauti.

Ruzuku ni pesa unayopewa kwa kazi maalumu, hurudishi, lakini unatoa hesabu yake. Mfano unaojulikana Afrika nzima ni Taasisi ya Tony Elumelu, ambayo tangu mwaka 2015 huwapa wajasiriamali waliochaguliwa dola 5,000 za kuanzia bila kuzidai. Kisheria hii iko karibu na hiba yenye masharti. Wapo wanaotia shaka kwa kuwa mtoaji ni mwenye benki. Wanazuoni wengi hutofautisha mali ambayo chanzo chake ni haramu tupu na mali iliyochanganyika, na ya pili hawakumkataza mtu kuipokea kama zawadi. Lakini mfadhili akikutaka uweke nembo ya kiwanda cha pombe kwenye programu yako, suala limehama kutoka kupokea pesa na kuwa kutangaza bidhaa. Hapo jibu ni hapana. Sisi wa Gisenyi, mji ambao umekua na kiwanda cha bia tangu enzi za wakoloni, tunajua kwamba mfano huu si wa kubuni sana.

Zawadi ni ya mashindano. Hanga PitchFest ilipoanza mwaka 2021 zawadi ya kwanza ilikuwa faranga milioni 50, na tangu hapo kila chuo kimejaribu kuwa na mashindano yake madogo. Jambo la kuangalia ni moja: zawadi imetoka wapi? Ikiwa imetolewa na mdhamini ambaye hashindani, hakuna ubaya. Ikiwa kila kikundi kimelipa ada ya kuingia na zawadi ni jumla ya ada hizo, huo ni mchezo wa kamari hata ukifanyiwa kwenye ukumbi wa chuo na majaji wavae tai. Ada ya kulipia chakula na vitambulisho si tatizo. Muulize mwandaaji bila kuona haya.

Mkopo ndio unaowanasa watu, na nitakaa hapa kidogo. Mfuko wa BDF ulianzishwa mwaka 2011 ili kusaidia biashara ndogo zisizo na rehani, na humdhamini kijana au mwanamke mbele ya benki mpaka asilimia 75 ya mkopo, na wengine asilimia 50. Nimewasikia wanafunzi zaidi ya mmoja wakisema, "Asilimia 75 inalipwa na mfuko, mimi narudisha 25 tu." Si hivyo. Dhamana ni ahadi kwa benki kwamba ukishindwa haitapoteza kila kitu. Wewe unabaki unadaiwa mkopo wote pamoja na riba yake, na ukishindwa, deni halifutiki kwa sababu mdhamini amelipa. Sasa kuna mambo mawili ya kutenganisha. Kwanza, mkopo wenye riba ni mkopo wenye riba, na udhamini wa serikali haubadilishi jina lake. Pili, si kila gharama inayoongezwa juu ya mkopo ni riba. Majma al-Fiqh al-Islami katika kikao chake cha Amman mwaka 1986 iliruhusu ada ya huduma katika mikopo kwa sharti kwamba isizidi gharama halisi za kuihudumia. Kwa hiyo ukikuta mfuko wa chuo unaotoa "mkopo usio na riba, ada ya uendeshaji asilimia kadhaa", uliza: je, ada hii inapanda mkopo ukiwa mkubwa au muda ukirefuka? Ikipanda kwa kufuata muda, ni riba iliyovaa kanzu.

Ndugu zetu wa jirani wana njia ambazo sisi tunazitafuta. Kenya wana benki za Kiislamu tangu mwaka 2008, Tanzania wana Amana Bank tangu 2011, na Uganda ilitoa leseni ya benki yake ya kwanza ya Kiislamu mwaka 2023. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayetaka kompyuta tano za mradi anaweza kwenda benki ikanunua kompyuta na kumuuzia kwa malipo ya awamu kwa bei iliyotajwa siku ya kwanza. Wewe ukiwa hapa, fikiria zaidi ruzuku, zawadi na ushirika kabla ya kufikiria mkopo.

Hisa ndiyo njia iliyo karibu zaidi na sira tunayoisoma. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifanya biashara kwa mtaji wa Bibi Khadija kabla ya utume: mmoja anatoa mali, mwingine anatoa kazi, faida inagawanywa kwa sehemu waliyokubaliana. Neno muhimu hapo ni "sehemu". Mwekezaji akikuambia, "Nakupa milioni tatu, unipe laki moja kila mwezi, halafu milioni zangu zibaki salama," hajanunua hisa, amekukopesha. Akisema, "Nakupa milioni tatu, nachukua theluthi ya faida ikipatikana, na hasara ya mtaji ni yangu," huo ni ushirika. Angalia pia hati za kigeni ambazo vituo vya kulea biashara huzileta. Ipo hati ya deni linalogeuka hisa, na kwa kawaida ina riba inayojilimbikiza mpaka siku ya kugeuzwa. Ipo nyingine, SAFE, iliyotungwa na Y Combinator ya Marekani mwaka 2013, ambayo haina riba wala tarehe ya kulipa. Ya pili nayo ina maswali yake, hasa kwamba siku ya kusaini hujui mwekezaji atapata sehemu ngapi, kwa hiyo mpelekee mwanazuoni aisome. Lakini ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya hizo mbili, usichague kwa kuangalia jina la kampuni iliyoileta.

Mradi wa mpakani

Sasa tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mwisho. Nauchagua kwa sababu kila mwaka angalau kikundi kimoja cha wanafunzi wa Rubavu huja na wazo linalofanana nao.

Mpaka wetu na Goma, hasa ule upande wa Petite Barrière, kabla ya korona ulikuwa ukivukwa na makumi ya maelfu ya watu kwa siku, wengi wao wanawake wenye nyanya, maziwa, kuku na sambaza. Anauza kwa faranga za Kongo au dola, anarudi kula kwa faranga za Rwanda. Kila siku anabadilisha pesa, na kila siku anabadilishiwa na mtu anayeijua bei kuliko yeye. Wazo la wanafunzi: programu ya simu ambapo mchuuzi anaweka dola zake asubuhi kwa wakala, na jioni anapokea faranga za Rwanda kwa bei nzuri kuliko ya barabarani. Wazo linapendeza. Lina huruma ndani yake. Na lina kosa la kisheria katikati.

Kubadilisha fedha kwa fedha, ambako fiqhi inakuita sarf, kuna masharti yake. Hadithi ya Ubada bin Samit katika Sahih Muslim imeyaweka wazi: kitu kwa kitu cha jinsi yake lazima vilingane na vitolewe mkono kwa mkono, jinsi zikitofautiana, bei iwe mtakavyo, lakini bado mkono kwa mkono. Majma, katika kikao hichohicho cha 1986, iliamua kwamba noti za karatasi zinachukua hukumu hii. Tuseme dola moja ni faranga 1,400. Mchuuzi kutoa dola 100 na kupokea 140,000 palepale ni halali, na hata mkikubaliana 138,000 ni halali. Kutoa dola saa mbili asubuhi na kupokea faranga saa kumi na moja jioni ni riba ya kuchelewesha, hata kama bei ni nzuri na nia ni njema.

Hapa ndipo nataka msomaji akae kidogo. Wanafunzi wengi wakifika hapa husema, "Basi mradi ni haramu, tuache." Mwanafunzi wa biashara hapaswi kuacha haraka hivyo. Je, ni lazima pesa ilale? Mwaka 1990, kwenye kikao cha Jeddah, Majma ilisema kwamba kuingiziwa pesa kwenye akaunti kunahesabiwa kuwa ni kupokea mkononi kwa hukumu. Kwa hiyo mchuuzi akitoa dola kwa wakala na simu yake ikapata ujumbe wa MoMo papo hapo, mambo mawili yametokea kwa wakati mmoja na sarf imekamilika. Kilichokuwa haramu ni kule kungoja jioni tu.

Na ukiondoa kungoja utagundua kwamba umeondoa pia tatizo jingine ambalo hukuliona. Kampuni inayokaa na pesa za watu tangu asubuhi mpaka jioni ni kampuni inayohitaji leseni ya Benki Kuu ya Rwanda, BNR, na jopo lolote lenye mtu wa fedha litakuuliza leseni iko wapi. Kubadilisha fedha kwenyewe pia ni kazi ya wenye leseni. Kikundi cha wanafunzi wanne hakina mtaji wa kuipata. Basi punguza mradi: usiguse pesa kabisa. Toa habari. Mchuuzi abonyeze nyota na reli kwenye simu yake ya vitufe, asome bei ya leo kwa maduka ya fedha matano yenye leseni, achague aende wapi. Analipa faranga 20 kwa kila swali. Hiyo ni ujira kwa huduma, haina sarf ndani yake, haihitaji leseni ya kubadili fedha, na inaanza kwa ruzuku ndogo. Fiqhi na sheria ya nchi zimekuonyesha mlango uleule.

Hesabu isiyopendeza

Jopo litataka kuona hesabu. Tuseme una wateja 300, kila mmoja anauliza mara mbili kwa siku, siku 24 za kazi kwa mwezi. Hiyo ni maswali 600 kwa siku, faranga 12,000 kwa siku, faranga 288,000 kwa mwezi. Tuseme gharama zako za namba fupi ya simu, seva na kijana mmoja wa kukusanya bei kila asubuhi ni 350,000. Unapoteza 62,000 kila mwezi.

Wengi wakifika hapa hubadilisha 300 kuwa 3,000, na mradi unapona kwenye karatasi. Usifanye hivyo. Andika hasara kama ilivyo, kisha andika kwamba kila mteja analeta 960 kwa mwezi, kwa hiyo mradi unajilipa ukifika wateja 365, na kwamba pesa unayoomba ni ya kukuvusha kutoka 300 mpaka hapo. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko mchoro wowote wa rangi. Inamwambia msomaji wa ombi kwamba umekaa ukahesabu.

Nalisema hili kwa uchungu. Nikiwa mwaka wa tatu, kikundi chetu kiliomba ruzuku katika chuo ambacho sitakitaja, kwa mradi unaokaribiana na huu. Tuliandika kwamba asilimia 70 ya wachuuzi wa mpakani hupoteza pesa katika kubadilisha. Mjumbe mmoja wa jopo, mama mtu mzima, akauliza kwa upole, "Mlihoji wangapi?" Hatukuhoji hata mmoja. Mwenzangu mmoja aliitoa namba ile kichwani saa sita usiku kwa sababu 70 ilionekana si ndogo mno wala si kubwa mno. Tulikaa kimya. Yule mama hakutukemea, aliandika kitu na kuita kikundi kinachofuata. Kilichoniuma njiani hakikuwa kukosa pesa. Tulikuwa tumetoka kuswali adhuhuri pamoja, tukaingia ukumbini na karatasi yenye ushahidi wa uongo, na hakuna kati yetu aliyeuona kuwa ni uongo mpaka tulipoulizwa. Tulikuwa tumeuita "makadirio".

Basi nenda mpakani. Chukua barua ya utambulisho kutoka chuoni, maana pale ni mahali pa ulinzi na mtu mwenye daftari anayeuliza watu habari za pesa ataulizwa naye. Chukua siku tatu tofauti, moja iwe siku ya soko. Wahoji watu 60. Usiwahoji wenye mizigo kichwani wakati wa kwenda, hawatasimama na wakisimama watakujibu lolote ili uwaache. Wahoji wakati wa kurudi. Uliza kwa Kiswahili au Kinyarwanda, uandike jibu kwa lugha lililotolewa, utafsiri Kiingereza cha fomu nyumbani. Uliza mambo matano tu: umeuza nini, umelipwa kwa fedha gani, umebadilisha wapi, kwa bei gani, na je, ulijua bei ya duka jingine. Ukikuta 22 kati ya 60 hawakujua, andika "22 kati ya 60", siku zake na mahali pake. Usiandike asilimia ya wachuuzi wote wa wilaya. Jopo litaiheshimu 22 yako kuliko ile 70 yetu.

Na usifiche hatari. Mpaka huu ulifungwa kwa wavukaji wa kawaida Machi 2020. Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka na ardhi ya Rubavu ikapasuka kwa matetemeko. Tangu Januari 2025, M23 walipoingia Goma, benki za upande ule zilifunga milango, na noti zenyewe zikawa haba. Mradi unaotegemea mpaka uliotulia miaka mitatu mfululizo ni mradi wa mtu asiyeishi hapa. Andika utafanya nini mpaka ukifungwa wiki sita. Jibu linaweza kuwa dogo: kuhamishia huduma kwa bei za mazao katika masoko ya ndani ya wilaya, kwa wachuuzi walewale.

Bajeti

Hapa nitapita haraka, kwa sababu mengi mnafundishwa darasani. Bei ziwe za ankara kifani kutoka dukani, zisiwe za kukumbuka. Angalia kama bei imeshajumlisha VAT: simu mbili za 150,000 na kompyuta ya 600,000 ni 900,000, lakini kama duka halijaongeza asilimia 18 utatakiwa 1,062,000, na zile 162,000 hakuna atakayekuletea. Nunua panapotolewa risiti ya EBM, kwa kuwa mhasibu wa chuo hatapokea kipande cha daftari. Jua pia kwamba fedha nyingi za chuo hazifiki mfukoni mwako: zinapita akaunti ya chuo, zinatoka kwa awamu, na awamu ya pili inangoja ripoti ya kwanza. Panga kazi yako ili mwezi wa kungoja usiue mradi.

Posho yenu iandikeni wazi. Kuna adabu ya uongo inayowafanya vijana waandike "tutajitolea", kisha mwezi wa pili wanatoa nauli na chakula kwenye fungu la vifaa. Kuomba posho ndogo kwa jina lake si tamaa. Kuhamisha pesa ya vifaa kimyakimya ni kula amana, hata ukiwa na nia ya kurudisha. Ikibidi kuhamisha fungu, mwandikie mfadhili kabla, subiri jibu, kisha hamisha.

Kabla ya kutuma

Andikeni mkataba wenu ninyi wenyewe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na sisi tunaosoma aya hiyo tunaanzisha kampuni kwa kupeana mikono. Ukurasa mmoja unatosha: nani ana sehemu ngapi, nani ameandika programu na je, ameipa kampuni au anaikodisha, anayeacha masomo au kuolewa mji mwingine anaondoka na nini. Muulizeni pia msimamizi wa chuo kama chuo kinadai haki yoyote juu ya kazi iliyofanywa kwa maabara na pesa yake. Ulizeni kwa barua, mjibiwe kwa barua. Nimeona vikundi vikivunjika baada ya kushinda mara nyingi kuliko baada ya kushindwa.

Kama programu itahifadhi majina na namba za simu za wachuuzi, mnaingia kwenye sheria ya Rwanda ya kulinda taarifa binafsi, namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021. Inawataka mjisajili kwa mamlaka ya usalama wa mtandao, mseme mnakusanya nini na kwa nini. Dawa nafuu ni kutokukusanya. Mchuuzi anayeuliza bei ya dola hahitaji kukuambia jina lake, wala wewe huhitaji kujua alivuka mpaka saa ngapi. Kwa mji kama wetu na wakati kama huu, orodha ya nani amevuka, lini, na akiwa na pesa ngapi ni kitu ambacho mwanamke mwenye kapu la nyanya hapaswi kuandikiwa na vijana wa chuo.

Siku ya kunadi wazo mbele ya jopo, mkiona mmepangiwa Ijumaa saa saba mchana, andikeni mapema kuomba saa nyingine. Waandaaji wengi hawakupanga kwa makusudi, hawakujua tu, na nimeona ombi kama hilo likikubaliwa kwa ujumbe mmoja wa simu. Dada zetu nao wasirudishwe nyuma kuwa watu wa kupanga slaidi. Yeye aliyehoji wale wachuuzi 60 wakamweleza habari za pesa zao, ambazo mimi mwanaume wasingenieleza, ndiye asimame aseme.

Mwisho ni jambo dogo la fomu za mtandaoni. Siku ya mwisho ya kutuma, intaneti ya hosteli huwa na watu mia wanaotuma kitu kilekile saa tano na nusu usiku. Tumeni siku mbili kabla, mpige picha ukurasa wa uthibitisho wenye namba ya ombi, na nakala moja ya andiko lote mkamwachie mtu ambaye hayumo kwenye kikundi alisome kabla halijaondoka. Mpeni kalamu nyekundu. Mwambieni apige mstari chini ya kila namba, kisha kwa kila namba awaulize alilouliza yule mama.

Wabillahi tawfiq.